Kenji Mizoguchi (1898–1956): Nyumba, Ndoa na Ugoni

Kenji Mizoguchi alizaliwa tarehe 16 Mei 1898 katika eneo la Hongo, jijini Tokyo. Miezi miwili baadaye, Julai 1898, sheria mpya ya madai iliyohusu familia ilianza kutumika nchini Japani. Sheria hiyo iliiweka nyumba, yaani ie, mbele ya mtu mmoja mmoja. Mkuu wa nyumba, aghalabu mwanamume, ndiye aliyekuwa na kauli juu ya ndoa na makazi ya waliomo. Mke aliyezini aliweza kuachwa kwa sababu hiyo peke yake. Mume aliyezini hakuachika ila pale alipokuwa ametiwa hatiani kwa kuzini na mke wa mtu. Kanuni ya Adhabu ya 1907 ilithibitisha kifungo kisichozidi miaka miwili kwa mke mgoni na mwenziwe, iwapo mume angeshitaki. Mume mwenye kimada asiye mke wa mtu hakuwa na kosa lolote mbele ya hakimu. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 1947, na Mizoguchi akafariki miaka tisa baadaye. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya umri wake ni umri wa sheria hiyo.

Makala haya yanayaeleza maisha ya mwongozaji huyo wa filamu kwa kuzingatia suala la ndoa na ugoni. Wahakiki wengi wamemwita mtetezi wa wanawake. Sifa hiyo ina ukweli, lakini inaficha jambo zito zaidi. Katika filamu zake bora, ugoni sio unaoivunja ndoa. Kinachotangulia ni nyumba: deni la baba, karo ya kaka, haja ya mrithi, hofu ya kuaibika mbele ya majirani. Ugoni ni jina ambalo nyumba hulitoa baadaye, pale mwanamke anapokuwa amekwisha kulipa. Mizoguchi aliyajua hayo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolipiwa.

Baba yake, Zentaro, alikuwa fundi seremala. Vita vya Japani na Urusi vilipozuka mwaka 1904, alitumia akiba yake kutengeneza makoti ya mvua kwa matumaini ya kuliuzia jeshi. Vita vilikwisha mwaka 1905 kabla biashara haijashika, na familia ikafilisika. Wakahamia Asakusa, mtaa wa watu wa hali ya chini. Hapo ndipo Suzu, dada yake Kenji aliyemzidi miaka saba, alipotolewa kwa watu wengine akiwa na umri wa miaka 14, akaishia kuwa geisha. Yafaa ielezwe kwamba geisha si kahaba wa danguro. Ni mwanamke aliyefunzwa kuimba, kucheza na kuwaburudisha wageni. Lakini mafunzo hayo yalikuwa deni, na deni lilihitaji bwana wa kulilipa. Suzu alipata bwana wa namna hiyo, kabaila wa ukoo wa Matsudaira, ambaye alimtunza kwa miaka mingi na hatimaye akamwoa.

Fedha za Suzu ziliwalisha wadogo zake. Kenji, aliyeugua baridi yabisi utotoni na kubakia na kilema cha mwendo, alipelekwa kwa jamaa huko Morioka kwa muda, kisha akawa mwanagenzi wa mchoraji wa nakshi za nguo za pamba. Mama yao alifariki mwaka 1915. Mwaka uliofuata Kenji alijiunga na chuo cha uchoraji wa mtindo wa Kizungu jijini Tokyo, akafanya kazi ya kuchora matangazo katika gazeti moja la Kobe, akaichoka, akarudi kukaa kwa dada yake. Baba yake alimchukia maisha yake yote kwa alivyomtenda mama na alivyomtoa Suzu. Hata hivyo, wali aliokula na karo aliyolipiwa vilitoka katika kitendo hicho hicho cha baba. Hapana dalili kwamba aliwahi kulisahau jambo hilo.

Mwaka 1920 aliingia katika studio ya kampuni ya Nikkatsu, Mukojima, akiwa na nia ya kuigiza. Mwaka 1923 alikwisha kuwa mwongozaji. Tetemeko la Septemba 1923 liliibomoa Tokyo, na kampuni ikamhamishia Kyoto, mji alioufanya makao yake hadi kufa. Filamu zake za miaka hiyo karibu zote zimepotea. Kati ya filamu zaidi ya 80 alizoongoza, zilizosalia ni kama 30 tu, kwa hiyo mtafiti wa Mizoguchi hufanya kazi yake akijua kwamba nusu ya kwanza ya ushahidi haipo.

Tukio lililo mashuhuri zaidi katika ujana wake lilitokea mwaka 1925. Mwanamke aliyekuwa akiishi naye bila ndoa, ambaye riziki yake ilitokana na kuwastarehesha wanaume, alimkata mgongoni kwa wembe katika ugomvi wa wivu. Magazeti yaliishabikia habari hiyo, na kampuni ikamsimamisha kazi kwa miezi kadhaa. Kovu lilibakia. Waliofanya kazi naye walisimulia baadaye kwamba aliwaonyesha bila kuona haya, kana kwamba ni cheti cha kuhitimu. Waandishi wa wasifu wamependa kulifanya kovu hilo chanzo cha filamu zake zote kuhusu wanawake. Maelezo hayo ni mepesi mno. Wembe wa 1925 ulikata mgongo mara moja; deni la Suzu lilikuwa limedumu miaka 20.

Mwaka 1927 alimwoa Chieko, aliyekuwa mchezaji dansi huko Osaka. Ndoa yao ilikuwa ya magomvi na mapatano. Mume alikuwa mlevi na mtembezi, mke mkali asiyekubali kunyamazishwa. Hawakupata mtoto.

Ukomavu wake ulikuja mwaka 1936, alipokutana na mwandishi wa miswada Yoshikata Yoda. Katika Naniwa Erejii, yaani Ombolezo la Osaka, kijana wa kike aitwaye Ayako ni mwendesha simu katika kampuni ya dawa. Baba yake amekula fedha za mwajiri wake, na bosi wa Ayako, mume wa mtu, yuko tayari kulipa iwapo binti atakuwa kimada wake. Anakubali. Kisha kaka yake anahitaji karo ya chuo kikuu, na Ayako anaitafuta kwa mwanamume mwingine, safari hii kwa hila, hadi polisi wanaingilia. Anaporudi nyumbani, baba, kaka na mdogo wake wa kike wanakula pamoja na hawamtaki mezani. Kaka ndiye mkali kuliko wote. Haihitaji utafiti mrefu kutambua kwamba mwongozaji alijiweka mwenyewe katika kiti cha kaka huyo. Mke halali wa bosi naye hakupambwa kwa huruma. Ni mwanamke mwenye kiburi aliyechoshwa na ndoa, anayejua mambo ya mumewe na kukasirika zaidi kwa sababu ya watu kuliko kwa sababu ya mapenzi. Hapana upande wa ndoa uliosalimika.

Mwaka huo huo alitoa Gion no Shimai, kuhusu dada wawili, wote geisha wa mtaa wa Gion mjini Kyoto. Mkubwa, Umekichi, anamhifadhi mfanyabiashara aliyefilisika ambaye amemwacha mkewe. Anafanya hivyo kwa utiifu na shukrani. Mdogo, Omocha, anaamini kwamba mwanamume ni wa kukamuliwa. Mfanyabiashara anapopata nafasi nzuri kwao mkewe, anarudi bila kuaga, na Umekichi anabakia na wema wake. Omocha anasukumwa nje ya gari na mwanamume aliyemdanganya. Filamu inakwisha akiwa kitandani, akilia na kuuliza kwa nini kuwe na geisha duniani. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea hadithi za mawaidha angetarajia mmoja wa dada hao athibitishwe kuwa sahihi. Haikuwa hivyo.

Hapa yafaa kusema neno kuhusu mbinu. Mizoguchi hakupenda kuikata picha vipande vipande. Aliiacha kamera itazame tukio zima, kwa mbali kidogo, mara nyingi kupitia mlango au nguzo, bila kuusogelea uso wa anayelia. Mtazamaji huwekwa mahali pa jirani aliyesikia kila kitu kupitia ukutani na asiyeweza kuingia. Kwa habari za ndoa, ambazo kwa kawaida hujulikana kwa njia hiyo hiyo, mtindo huo ulikuwa na maana kubwa kuliko mapambo.

Mwaka 1941, akiwa katikati ya filamu ndefu ya kihistoria aliyoitengeneza chini ya mkono wa serikali ya kijeshi, Chieko alirukwa na akili. Alilazwa hospitalini na hakurudi tena katika maisha ya ndoa. Mizoguchi aliendelea na kazi. Aliwahi kuamini kwamba chanzo kilikuwa kaswende, na dhana hiyo ilimtesa, kwa kuwa mtu mwenye historia yake hakuweza kuwaza ugonjwa huo bila kujiwaza mwenyewe. Baadaye alimchukua shemeji yake, mjane mwenye mabinti wawili, wakakaa kama familia, naye akawalea mabinti hao. Chieko hakuachwa kisheria. Kwa hiyo, mwongozaji aliyeichambua ndoa ya Kijapani kuliko wenzake aliishi miaka yake 15 ya mwisho kati ya mke aliyekuwa hai bila kuwa naye na mwenzi aliyekuwa naye bila kuwa mke. Waswahili husema nyumba ndogo kwa makazi ya kimada. Hapa lugha inashindwa, maana nyumba kubwa ilikuwa tupu.

Vita vilikwisha mwaka 1945. Katiba mpya na mabadiliko ya sheria ya mwaka 1947 yaliondoa mamlaka ya mkuu wa nyumba na kulifuta kosa la jinai la ugoni. Mjadala ulikuwa kama adhabu ipanuliwe imkumbe mume pia, au ifutwe kwa wote, ikafutwa. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ilichagua njia nyingine ya usawa: mume au mke anaweza kudai fidia kwa yule aliyezini na mwenzi wake. Katika nchi zote mbili lilikuwapo swali moja, kwamba mwenye kudhulumiwa katika ugoni ni nani hasa, na katika nchi zote mbili jibu la zamani lilikuwa mume.

Mwaka huo huo wa 1947, Mizoguchi alitoa filamu kuhusu mwigizaji Sumako Matsui na mwalimu wake Hogetsu Shimamura, aliyeiacha familia yake kwa ajili ya mapenzi na tamthilia. Shimamura alikufa kwa homa ya mafua mwaka 1918, na Sumako akajinyonga Januari 1919. Mwongozaji Teinosuke Kinugasa alitoa filamu juu ya kisa hicho hicho mwaka huo huo. Yaelekea wote wawili waliona kwamba saa ya kukitazama upya imefika. Filamu ya Mizoguchi haikufanikiwa sana. Ilijaa hotuba za uhuru, na yeye hakuwa fundi wa uhuru. Musashino Fujin ya 1951, iliyotokana na riwaya ya Shohei Ooka, ina uchungu zaidi. Mume ni mhadhiri wa fasihi ya Kifaransa anayeutetea ugoni kwa nadharia na kuutenda kwa uchafu; mkewe, Michiko, anampenda binamu yake aliyerudi kutoka vitani na hakubali kumgusa. Anayekufa ni Michiko. Sheria ilikwisha kufutwa, nyumba ikabakia vichwani mwa watu.

Saikaku Ichidai Onna ya 1952, iliyotokana na kitabu cha Saikaku Ihara cha mwaka 1686, ilimpatia tuzo katika tamasha la Venice na kumfungulia dunia. Oharu, binti wa hadhi katika kasri la Kyoto, anapendana na mtumishi wa cheo cha chini. Mwanamume anakatwa kichwa, naye anafukuzwa pamoja na wazazi wake. Kisha anachaguliwa kuwa suria wa bwana mkubwa asiye na mrithi, anazaa mtoto wa kiume, na anarudishwa kwao mikono mitupu. Bwana huyo anaitwa Matsudaira, jina la ukoo wa yule aliyemtunza Suzu.

Kisa cha suria huyo kinastahili kulinganishwa na mambo ya Afrika Mashariki, kwa sababu neno moja linaweza kuficha tofauti kubwa. Katika Zanzibar ya karne ya 19, suria aliyemzalia bwana wake alipata hadhi ambayo haikuweza kufutwa kirahisi. Majid na Barghash, wana wa Sayyid Said waliotawala, walikuwa wana wa masuria. Katika milima ya Kilosa, kuanzia Ukaguru hadi sehemu za Lumuma na Usagara, ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Huko, mtoto ni wa ukoo wa mamake hata ndoa ikivunjika, na mjomba ana sauti ambayo baba hana. Oharu hakuwa na kimojawapo. Tumbo lake lilikodiwa, na aliyetoka humo alikuwa mali ya nyumba. Katika sehemu ya mwisho anaruhusiwa kumwona mwanawe, ambaye sasa ni bwana, akipita kwa mbali. Mtazamaji kutoka jamii inayofuata mama atashangaa kuliko atakavyolia, na mshangao huo unafundisha: kinachomwangamiza Oharu hakikutoka katika tamaa ya wanaume pekee, bali katika utaratibu wa nasaba.

Oharu aliigizwa na Kinuyo Tanaka, aliyeonekana katika filamu zaidi ya kumi za Mizoguchi. Inasimuliwa sana kwamba alimpenda. Mwaka 1975 Kaneto Shindo, aliyekuwa mwanafunzi wake, alitengeneza filamu ya kumbukumbu ambamo Tanaka, karibu na mwisho wa maisha yake, aliulizwa jambo hilo akalijibu kwa heshima na uangalifu. Hakukana pendo la kazi, wala hakukubali zaidi ya hilo. Kilicho wazi ni kitendo kingine. Tanaka alipoanza kuongoza filamu mwaka 1953, na kampuni ilipomtaka aongoze ya pili, Mizoguchi, aliyekuwa kiongozi wa chama cha waongozaji, alimpinga hadharani na kudharau uwezo wa akili yake. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1955 licha ya upinzani wake. Aliyewaonyesha wanawake wakifungiwa mlango alijaribu kumfungia mmoja wao. Kulitaja jambo hilo si kumvunjia heshima marehemu. Ni kuzuia sifa ya utetezi isimeze ukweli wa maisha.

Katika Ugetsu Monogatari ya 1953, mfinyanzi anamwacha mkewe na kuishi na mwanamke wa kizimwi, na anaporudi anapokewa na mke ambaye, asubuhi inapofika, amekwisha kufa siku nyingi. Filamu hiyo ndiyo inayosifiwa zaidi. Lakini kwa suala la ndoa na ugoni, kilele ni Chikamatsu Monogatari ya 1954.

Kisa chake kilitokea kweli mjini Kyoto mwaka 1683. Osan, mke wa mchapaji tajiri wa kalenda, aliuawa pamoja na Mohei, mtumishi wa nyumba. Saikaku alikiandika mwaka 1686, na Monzaemon Chikamatsu akakitungia tamthilia mwaka 1715. Katika maandiko hayo mawili, mke na mtumishi wanalala pamoja gizani kwa makosa. Kwa Saikaku, kosa linageuka kuwa starehe ya makusudi. Kwa Chikamatsu, linabakia kosa, na wawili hao wanahangaika kwa aibu isiyo na mapenzi. Yoda aliandika mswada na kuurudia mara nyingi, kwa kuwa mwongozaji hakuridhika. Walichokifikia ni mabadiliko madogo yenye uzito mkubwa: katika filamu, hawakufanya lolote.

Kaka yake Osan ana deni. Mume ni tajiri na bahili, tena anamwandama mjakazi Otama usiku. Osan anamwomba Mohei msaada wa fedha, na Mohei anajaribu kutumia muhuri wa bwana wake. Osan analala mahali pa mjakazi ili amfumanie mumewe, Mohei anaingia kumshukuru mjakazi, wakafumaniwa wao. Wanakimbia kama wagoni ilhali si wagoni. Katika ziwa Biwa wanaamua kujitosa majini, na Mohei, kwa kuwa anakufa, anatamka kwamba amempenda bi mkubwa wake siku zote. Osan anaposikia hayo hataki tena kufa. Mapenzi yanazaliwa pale, baada ya mashitaka, ndani ya mtumbwi. Sheria ndiyo iliyowakutanisha. Mwishoni wanapitishwa barabarani wakiwa wamefungwa mgongo kwa mgongo juu ya farasi, wakielekea kusulubiwa, na watumishi wa nyumba wanastaajabu kwa utulivu wa uso wa Osan, ambao hawakuuona siku za ndoa yake. Mume naye ameporomoka, kwa kuwa aliificha aibu kuliko kuiripoti, na nyumba yake imefutwa.

Filamu yake ya mwisho, Akasen Chitai, ilionyeshwa Machi 1956. Inahusu wanawake wa danguro moja la Yoshiwara wakati Bunge likijadili mswada wa kupiga marufuku ukahaba. Ukahaba wa Kijapani ulikuwa na historia iliyofika mbali. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake waitwao karayuki-san, wengi wao mabinti wa familia maskini, walipatikana hata Zanzibar. Katika filamu, mmoja wa wanawake anaolewa, anaagwa kwa zawadi, na baada ya muda anarudi. Mume alitaka mfanyakazi asiyelipwa. Danguroni walau alihesabiwa kitu. Mwingine anajiuza ili amlishe mume mgonjwa na mtoto. Wa tatu, Mickey, anafuatwa na baba yake tajiri anayemsihi arejee kwa ajili ya jina la familia. Mickey anamkumbusha alivyomtesa mama yake kwa vimada, kisha anamwalika awe mteja wake. Mizoguchi alikuwa na umri wa miaka 57, na katika kazi yake yote hakuwahi kumjibu baba kwa ukali wa namna hiyo.

Mswada uliokuwa umeshindwa mara kadhaa ulipitishwa Mei 1956. Wakati huo mwongozaji alikuwa ameanza kuugua. Alilazwa Kyoto, ikabainika kuwa ana saratani ya damu, na akafariki tarehe 24 Agosti 1956 akiwa na mswada wa filamu nyingine mkononi, Osaka Monogatari, ambao Kozaburo Yoshimura aliukamilisha mwaka 1957. Madanguro ya Yoshiwara yalifungwa rasmi sheria ilipoanza kutumika kikamilifu, Aprili 1958.